Salfa Inayowasha Usiku

Msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya salfa ukifika Kitomanga, kila mwanamume hujikuna na hakuna anayemuuliza mwenzake. Salfa ni salfa, inawasha. Kondo, aliyekuwa na pampu yake mwenyewe, alijikuna kwa majivuno. Alijikuna barazani, alijikuna msikitini kati ya rakaa na rakaa, na usiku alijikuna mpaka kitanda kikalia, mkono ukiwa mahali ambapo mtu mzima hapendi kuonekana ameuweka.

"Baba Hamida, huo ni upele," mkewe Amina akamwambia.

"Upele ni wa wachafu. Mimi naoga asubuhi na jioni."

"Salfa inachoma macho mchana, shambani. Hiyo yako inangoja ulale ndipo iamke? Tazama katikati ya vidole. Tazama kiunoni. Mimi nawashwa, na pampu sijaigusa. Na huyu mjukuu ana vipele mpaka nyayoni. Naye alipuliza mikorosho?"

Kondo alimtazama mjukuu, mtoto wa mwanawe wa kiume, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Lakini roho yake ilikuwa kwingine. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kikole. Binti yake Hamida, aliyerudi mwezi uliopita kutoka mji wa Masoko alikokwenda kujifunza ushonaji, alikuwa ameposwa na Sadick, fundi simu wa hukohuko Masoko ambaye kwao ni Kikole. Sasa Sadick anakuja na mjomba wake Huseni kujitambulisha. Wakikuta nyumba nzima inajikuna watageuza pikipiki palepale, na Hamida atabaki kuwashonea wenzake magauni ya harusi. Wazo hilo lilimuuma Kondo kuliko upele.

Amina alikwenda zahanati, akarudi na chupa za dawa, ya mtoto ikiwa mbali.

"Daktari kasema mdudu huyo hajali sabuni. Anachimba ngozini, anaacha vijistari vilivyopindapinda. Familia nzima tujipake siku moja, na nguo na mashuka tufue kwa maji ya moto. Na wageni usiogope kuwapa mkono, salamu ni fupi mno. Yeye anataka ngozi ikae juu ya ngozi, tena kwa muda."

"Tutajipaka wakishaondoka," Kondo akasema. "Sitaki mkwe anisikie nanuka dawa."

Jumamosi wageni wakafika. "Shikamoo, baba," Sadick akasema, macho chini kama mwari. "Marahaba." Sinia la pilau likatengwa. Kondo, asitake kuingiza vidole vyake mle, akashika jagi na beseni awanawishe wageni mwenyewe.

"Lo, mkwe, waachie vijana," Huseni akalalamika huku akinawa. Mikono yake ilikuwa na sugu za jembe tu.

Sadick akakinga yake, akatanua vidole. Kondo akaviona. Vipele vidogo katikati ya vidole, na kwenye kifundo cha mkono kijistari kilichopindapinda. Kabla maji hayajakauka, kijana akaupeleka mkono haraka kiunoni, akajikuna.

"Samahani, baba. Salfa hii."

"Salfa?" Kondo aliendelea kumimina mpaka beseni likakaribia kufurika. "Siku hizi na simu zinapulizwa?"

Huseni akacheka peke yake. Nyuma ya pazia, Hamida, aliyekuwa akijikuna tangu wageni walipoketi, akaacha ghafla.

Ngozi juu ya ngozi, tena kwa muda, hukohuko Masoko. Kondo alishikwa na hasira hata akatamani kumtwanga kijana kwa lile jagi. Halafu, aibu iliyoje, akasikia moyo unatulia. Huyu hawezi kuikimbia nyumba yenye upele, maana ndiye aliyeuleta.

Akaingia ndani, akarudi na chupa, akaiweka mbele ya Sadick kando ya sinia.

"Kuanzia shingoni mpaka unyayoni, usiache hata hapo unapopaonea haya. Daktari kasema familia nzima ijipake siku moja." Akamgeukia Huseni, ambaye tonge lilikuwa limemgandia mkononi. "Siku yenyewe ni leo, mkwe. Mama Hamida, tuma mtu akamwite shehe kabla pilau halijapoa."