Kijiko cha Pacha wa Pili

…na huyu mama hafungui mdomo, uji wa mtama umeshaanza kuganda kwenye kijiko, macho yake yanamtazama yeye Butoyi, mtoto aliyemzaa mwenyewe, na yanamwona mwingine, "Bukuru," anasema, "mi sikuli, Butoyi hajakula," na yeye amekaa pale kwenye kigoda, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, fundi cherehani anayejulikana soko zima la Muyinga, na Butoyi mwenyewe ni yeye, pacha wa pili, na Bukuru, pacha wa kwanza, yuko kaburini mwaka wa sita sasa tangu ajali ya lori njia ya Kobero… kumwambia? Si alishamwambia, leo leo hii, aliposhuka tu kwenye basi hapa Gitega, "Mama, ni mi, Butoyi," mama akafurahi, akauliza basi Bukuru iko wapi, na yeye, mjinga wa kutupwa, akajibu ukweli, yarabi, kilio kile, mama alipokea msiba kana kwamba maiti imeletwa mlangoni saa ile, akajipiga kifua, dada yao Salima akatoka jikoni mbio, "Si nilikukataza? Kila ukikuja unamuulia mtoto!" na nusu saa baadaye mama kilio amekisahau, amemshika mkono, anamwita Bukuru, Salima akamkazia macho, kubali, basi akakubali, ndiyo mama, ni mi Bukuru, afanyeje, mama tangu juzi anaishi kwa chai tu, na muganga amesema leo asipokula wampeleke akatundikiwe serumu, mishipa yenyewe ya kuchoma haionekani… na hivi yeye si ndiye aliyejidhani ameshamaliza mambo ya majina? Mzee Jayanti, yule Mhindu wa vitambaa kule Kahama, Tanzania, alikokuwa akishona zamani, kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikuwa akikaa macho kayafumba, siku moja akamuuliza, mzee, unaomba nini, akasema siombi, namtafuta huyu anayesema mimi, wewe, Rachid ni jina la kwenye karatasi, Butoyi ni la nyumbani, fundi ni kazi, yaweke pembeni yote, utabaki na kule kujua tu kwamba upo, kaa hapo hapo, na likija wazo lolote liulize, limemjia nani? na yeye, Mwislamu mtoto wa Waislamu, tangu siku hiyo akishasali alfajiri anachelewa kidogo kwenye mkeka, mkewe anadhani anavuta uradi, kumbe anajitafuta, na asubuhi nyingine kweli jina linadondoka, linabaki niko tu, niko, kimya, tamu, akajiona mwanaume, he! kutupa jina ni rahisi wakati hakuna anayelichukua, haya sasa, jaribu na hapa, fumba macho, inauma, inamuuma nani? mimi, mimi nani?… na pale panapotakiwa pawe kimya pana mtoto amekaa mdomo wazi anangoja zamu, maana mapacha hulishwa sawa, ukimpa huyu ukamnyima yule, yule anaugua, mama alikuwa hakosei, kijiko cha Bukuru, kijiko cha Butoyi, lakini wa kwanza ni Bukuru, siku zote Bukuru, na mtoto yule bado anataka kitu kimoja, niite, mama, niite mimi, mara moja tu kabla hujaondoka… aibu gani hii, kumwonea wivu marehemu, astaghfirullahi… "Bukuru, unalala? Peleka kwa mwenzako," mama anasema, na yeye bila kufikiri anajitia kijiko mdomoni, anameza, "Haya mama, Butoyi amekula," anapigwa kibao cha mkono, kibao chepesi kisicho na nguvu, "Unakula ya mwenzako! Toka zamani ndiyo tabia yako, we unashiba, mdogo anakonda, unafikiri mi sioni?" kumbe alikuwa anaona, miaka yote ile alikuwa anaona, kicheko kinamjia kikiwa na machozi, Salima anauliza kutoka jikoni, "Amekula?" yeye anachota tena, "Mama, Butoyi iko Muyinga, amekula kule, ameshiba kabisa," "Nani alimpa? Mi siko kule," na mdomo umefungwa, "mi ntamungojea," anamngojea, tangu juzi hali, siyo kwa kuugua, siyo kwa ajili ya Bukuru, anamngojea yeye, yeye Butoyi, magoti yao yanagusana, niko mama, niko hapa, anataka kusema na hawezi, maana akifika yeye, Bukuru anakufa tena, na mama amegeuza uso mlangoni, anatazama nje aone kama Butoyi anakuja.