Kamba ya Kuanikia

Asubuhi ile kamba haikufutwa. Mama dobi alianika mashuka ya wateja kama kawaida, mgongo ameupa bandari, na alipoyageuza kila shuka lilikuwa na mstari mweusi katikati, kama limechapwa kiboko.

"Baba we!" aliita dirishani. "Leo umelala usingizi wa pono?"

Ndani hakujibu mtu.

Mumewe alikuwa fundi umeme bandarini, na tangu waoane ndiye aliyetangulia kuamka ili aifute kamba kwa kitambaa kibichi. Meli zilizofunga gati ziliacha jenereta zinanguruma usiku kucha, masizi yakatua kila mahali. Akimaliza, humletea mkewe kitambaa akikitazama kama daktari. "Mafuta mazito haya. Kuna meli ajuza imelala gatini."

Miaka ya mwisho alikuwa akilaza nyaya chini ya gati. "Mataifa yamekubaliana meli zipunguze hewa chafu," alimwambia. "Na bandari yetu inaleta sheria yake: ukifunga gati unazima jenereta, unachukua umeme wa nchi kavu."

"Meli nzima uichomeke ukutani kama pasi yangu?"

"Kama pasi yako. Ila hii haichomi kola za watu."

Akafa usingizini, asubuhi ile ya kamba, kabla meli hata moja haijachomekwa. Eda ilipokwisha, mama dobi alikataa nguo nyeupe, akapokea za rangi tu. Wateja walidhani anaogopa masizi. Hakutaka kukishika kile kitambaa.

Siku moja wifi yake akaingia bila hodi. "Vaa viatu. Koleo wa bandarini anasema leo ndiyo leo, wanachomeka meli ya kwanza."

"Nikatazame nini?"

"Ukatazame kama kaka yangu alikuwa anachimba mitaro bure."

Swali hilo ndilo alilokuwa akilala nalo. Akavaa viatu.

Koleo, aliyefanya kazi na marehemu bega kwa bega, aliwasimamisha kwenye uzio. Waya mnene kama paja ulinyanyuliwa hadi ubavuni mwa meli. Mtu akapunga mkono. Ule mngurumo ukakohoa, ukafa, na mama dobi akasikia kamba za meli zikilia na baharia akipiga chafya huko juu.

Lakini dohani ilikuwa bado inatoa moshi, mwembamba kama wa sigara.

"Koleo, mbona bado unatoka?"

"Hiyo boila, shemeji. Inapasha mafuta na maji. Huu umeme wetu hauiendeshi, na sheria haijaifikia. Marehemu aliisema kila siku: tukimaliza hili, lile."

"Mimi hakuniambia habari za boila."

"Labda alikuwa anakuwekea ya kesho."

"Alikuwa na maneno, huyo," wifi akasema, akageukia pembeni kupenga kamasi.

Jioni mama dobi aliisugua kamba kwa sabuni mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kilikuwa kwenye msumari wake, kimekauka kama ngozi. Akakilowesha, akakifua mpaka maji yakatoka meupe.

Kulipokucha akaifuta kamba. Akakipeleka kitambaa kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa. Hakikuwa cheusi. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Boila," alisema, akitazama dirishani.

Siku hizi anapokea tena nguo nyeupe. Kamba anaifuta mwenyewe.