Siku Shemeji Alipohesabiwa

Kama kuna kiumbe ambacho Kahaso hakutaka hata kukiona, ni yule kiboko wa ziwani. Alimwita Shemeji, na hakumpa jina hilo kwa mapenzi. Alimpa kwa sababu alikuwa anakuja jioni bila kualikwa, anakula mpaka anashiba, hasemi asante, na kesho yake huyo tena na uso wake mkavu. Kijiji kizima cha Kilelengwani kilimjua. Ukisikia debe linalia huko kwa Kahaso na sauti inapaa, "Shemeji, toka! Shemeji, huna haya wewe!" ujue mahindi yameshaliwa.

Shamba la Kahaso upande mmoja lilipakana na ziwa, na upande wa pili na uwanja wa shule. Tangu mumewe afariki, shamba hilo ndilo lililomlisha yeye na mwanawe Kazungu. Msimu uliopita alivuna mabua matupu. Alilia, akapangusa machozi, akaenda kwa jirani yake Barwako, mfugaji aliyejua dawa za kila kitu.

"Pilipili kavu," Barwako akamwambia. "Iponde, ichanganye na kinyesi cha ng'ombe, finyanga matofali, yaanike yakauke, halafu yachome jioni. Kiboko hapendi moshi huo hata kidogo."

Ubaya wa Kahaso ni kwamba hajui kufanya jambo nusu. Alichoma mpaka mchungaji akapiga chafya katikati ya sala. Alichoma mpaka watoto wa shule wakaimba wimbo wa taifa huku machozi yakiwatiririka, na mgeni mmoja aliyepita akasifu uzalendo wao. Shemeji akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Akahama. Kahaso alicheza peke yake katikati ya mahindi, mikono juu, kiuno hakitulii.

Bado ana jasho la ngoma hiyo, akamwona Dhadho anakuja. Dhadho alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira, mtu mwembamba mwenye koti moja la mikutano, na alikuwa amelivaa. Hiyo maana yake ana habari.

"Mama Kazungu, tumepata bahati," alisema. "Unajua hii delta yetu imo kwenye orodha ya ardhioevu zinazolindwa na dunia nzima. Sasa kuna mkaguzi anakuja kutazama kama viumbe waliotuweka kwenye orodha bado wapo. Na kuna mradi. Mahali ambapo mkaguzi ataona viboko wanaishi karibu na mashamba, mradi utajenga ua wa nyaya za umeme wa sola. Shamba la kwanza kuzungushiwa ni lako."

Moyo wa Kahaso uliruka. Ua! Alale usingizi kama watu wengine, avune kama watu wengine!

"Sharti ni moja tu," Dhadho akaendelea. "Kiboko aonekane. Asipoonekana, ua unakwenda kijiji cha Chara. Lakini sisi wasiwasi wa nini? Si tunaye Shemeji?"

Kahaso akakohoa. Nyuma yake matofali ya pilipili yalikuwa bado yanafuka moshi.

Mwenyekiti alipoondoka tu, Kahaso alimwagia moto ule maji mpaka jivu likaelea. Akachuma matikiti yake, akayapasua moja moja, akayapanga njia nzima kutoka ziwani hadi shambani. Halafu akasimama ukingoni, akasafisha koo, akaita kwa sauti ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuisikia.

"Shemeji? Shemeji wangu wee, rudi basi. Yaishe. Maneno yale yalikuwa hasira tu."

Wanawake waliokuja kuchota maji waliinua ndoo zao, wakarudi nyumbani bila maji. Habari zikaenea kwamba Kahaso amepatwa na kitu. Lakini yeye hakujali. Kila asubuhi alikuta matikiti yameliwa na nyani na ndege, na kila asubuhi aliweka mengine. Siku moja kabla ya ukaguzi, alikuta alama za miguu mikubwa kwenye tope bichi. Alipiga magoti akaigusa moja, akacheka. Shemeji karudi! Ila tabia yake ni ile ile: mchana kutwa haonekani, jua likizama ndipo anapotoka.

Mkaguzi alifika asubuhi. Aliitwa Safiya, msichana mpole wa Malindi mwenye darubini shingoni na viatu vya tope vilivyokwisha kuona tope kwelikweli. Walimpakia mtumbwini, wakamzungusha ziwa zima. Aliona korongo, aliona mamba mmoja anaota jua. Kiboko, wapi! Kahaso alikaa mbele ya mtumbwi akiyakodolea macho magugu, akitukana kimoyomoyo.

"Mama, hizi nyayo nimeziona," Safiya alisema waliporudi nchi kavu. "Lakini mimi naandika mnyama niliyemwona kwa macho. Na saa kumi lazima tuondoke, dereva anataka kuvuka ile sehemu mbaya ya njia na kufika Garsen kabla ya giza. Samahani sana."

Saa kumi! Saa kumi Shemeji bado anakoroma huko magugoni. Kahaso alihisi ua wake unakunjwa nyaya zake na kupelekwa Chara mbele ya macho yake.

Kilichobaki ni sherehe fupi ya kumuaga mgeni, pale uwanja wa shule. Kamati ilikuwa imejipinda. Turubai limefungwa, spika zimepangwa, na mlangoni wamesimamisha tao la migomba mizima na majani mabichi, limetandikwa kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI. Mezani matikiti yaliyokatwa yananukia mpaka barabarani. Kahaso aliangalia tao, akaangalia matikiti, akaangalia upepo unavuma kuelekea ziwani. Halafu akamnyang'anya mfawidhi wa sherehe kipaza sauti.

Sasa, jamani, mtu asiyependa hotuba kuliko Kahaso hajazaliwa. Mikutanoni yeye ndiye aliyekuwa akipiga miayo kwa sauti ili watu wamalize. Lakini siku hiyo alisimama wima, akasema:

"Mgeni wetu hawezi kuondoka. Itifaki haijazingatiwa."

Uwanja mzima ukaitikia kwa kutikisa kichwa, maana hilo hakuna awezaye kulipinga. Kahaso akaanza. Alimwita mchungaji aombe, akamwita imamu naye aombe, maana si vizuri upande mmoja kuonewa. Aliitambulisha kamati, na kila mwanakamati akasalimia, na kila mmoja akasema hana mengi kisha akayasema yote. Akawaita kina mama waimbe. Akawaita waliochimba kisima. Akawaita waliokuwa wamekusudia kuchimba kisima.

Dhadho alimsogelea akanong'ona, "Mama Kazungu, una wazimu? Mgeni anatazama saa."

"Shemeji hutoka jua likizama," Kahaso akanong'ona.

Dhadho alimtazama, akalitazama jua, akafunga vifungo vya koti. Alipokea kipaza sauti, akaanza hotuba yake pale babu yake alipozaliwa.

Babu alipofikia umri wa kuoa, dereva alichoka akawasha gari. Kahaso hakubabaika.

"Na dereva wetu!" akapaza sauti. "Aliyemleta mgeni salama! Tutamwachaje bila kumtambulisha?"

Watu wakashangilia. Dereva wa watu, ambaye miaka yote huachwa garini kama gurudumu la akiba, alizima injini, akashuka, akavuta shati. Mkipata mtu aliyekuwa akingoja maisha yake yote kupewa kipaza sauti, ndiye huyo. Alishukuru wazazi wake. Alishukuru mwalimu wa darasa la pili. Kivuli cha spika kikarefuka, jua likawa jekundu, na Safiya akaweka kichwa mikononi.

Hapo tao likatikisika.

Mgomba wa kushoto ulikwenda kwanza, krach! Halafu wa kulia. Halafu tao zima likaanguka, na kutoka ndani ya majani akatokea Shemeji, anatafuna, na kitambaa cha KARIBUNI kimemkaa kichwani.

Ah, mbio zilizopigwa pale! Mfawidhi alipanda juu ya spika. Mchungaji na imamu waligombea mti mmoja. Dereva alirudi garini na kipaza sauti mkononi mpaka waya ukakatika, na Dhadho akaingia chini ya meza na koti lake la mikutano. Safiya tu ndiye aliyepanda juu ya kiti, darubini machoni ingawa mnyama alikuwa karibu kabisa.

Na Kahaso? Kahaso alisimama nyuma ya rundo la viti, maana kazi lazima iishe.

"Bi Safiya," alipaza sauti, "aliyebaki kutambulishwa ni huyu. Anaitwa Shemeji."

"Namwona, mama!" Safiya alijibu. "Nawaona wawili!"

Kahaso alichungulia. Nyuma ya miguu minene ya Shemeji kulikuwa na kitoto, mviringo na kinang'aa, kinalamba ganda la tikiti. Kumbe Shemeji ni jike. Kumbe msimu ule wote alikuwa anakula kwa ajili ya wawili.

"Masikini," Kahaso akasema taratibu. "Mwanamke mwenzangu." Kisha akakumbuka mabua yake. "Lakini mahindi yangu, mwanamke mwenzangu!"

Shemeji alimaliza tao, akamsukuma mwanawe kwa pua, wakarudi ziwani bila kuaga.

Mafundi wa ua walikuja baada ya mvua. Walipima shamba, wakapigilia vigingi, wakaenda kunywa chai. Waliporudi, kigingi cha upande wa ziwa kilikuwa kimehama, na tuta zima la matikiti limebaki nje ya ua.

"Mama Kazungu," Dhadho akauliza, "hiki kigingi kimehamishwa na nani?"

"Mimi."

"Matikiti yako yataliwa yote!"

"Nimevuna mahindi ya kwenye ndoto mara ngapi, mwenyekiti? Mwaka huu nitavuna ya kweli. Mahindi ni yangu na Kazungu, atakayeyagusa nitamtukana mbele ya mwanawe." Akapangusa mikono kwenye leso. "Lakini mtu ananyonyesha, utamfungia mlango moja kwa moja? Una roho gani wewe?"

Jua lilipozama nyaya zilikuwa zimewashwa umeme. Kahaso alichukua debe lake la zamani, akaenda hadi kwenye ua, akalipiga taratibu kama mtu anayewaita watoto waje kula.