Kichwa cha Treni Juu ya Meza ya Watu Wanane

Meza ilikuwa ya watu wanane, lakini kwa miezi saba hakuna hata mmoja aliyekula juu yake. Ilikuwa imelaliwa na reli. Zilianzia upande wa kabati la vyombo, zikapanda kilima cha vitabu vya shule vya zamani, zikashuka, zikarudi zilikotoka. Bibi na mumewe walikula sahani zikiwa magotini, kama abiria waliokosa viti.

Mumewe alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, mikono ikamwasha. Akaunda kichwa cha treni ya dizeli, kilekile alichokuwa akiendesha, ila hiki urefu wake kiganja na vidole viwili. Bibi hakugomba. Subira huvuta heri, alijiambia, ingawa heri hii ilionekana nzito na kamba fupi.

Jumapili hiyo binti yao alikuwa anakuja kula na mumewe na watoto wao watatu, saa saba mchana. Bibi aliitaka meza yake.

"Kikishapita ukaguzi tu," mumewe alisema, "kinakwenda stoo na reli zake zote. Kichwa hakiingii karakana bila cheti. Ndiyo sheria."

"Sheria gani, baba watoto? Wewe umestaafu, na treni yenyewe ya bati."

"Sheria haistaafu."

Basi saa nne akaja mkaguzi, mstaafu naye. Kazini walimwita Bwana Kasoro, kwa maana hata siku ya harusi yake alimkagua dereva wa gari la maharusi kabla ya kupanda. Alivaa koti la kazi, akashika nyundo ndogo na fomu ya treni za kweli, kurasa sita.

"Hodi, shemeji. Kichwa kipo wapi?"

"Karibu, shemeji. Kipo mezani. Sisi ndio hatupo."

Mkaguzi alipiga magoti, shavu juu ya meza, jicho moja kalifumba. Akagonga magurudumu moja moja, akiyasikiliza kama daktari wa kifua. Vyuma vya kushikia vilikuwa vya waya wa mwavuli mbovu. Akavisifu sana, kisha akaandika kwamba cha kushoto kimepinda unywele mmoja. Feni ya juu inazunguka, sawa. Honi inalia vizuri, ila ina mafua. Halafu akafika kwenye rangi.

"Hii ni nyekundu ya nyanya. Yetu ilikuwa nyekundu ya tofali."

"Tofali bichi au lililochomwa?" mumewe aliuliza kwa hasira.

Hapo walibishana robo saa nzima. Bibi alitazama saa ya ukutani, akaenda kupima mchele. Hakuukuta. Ulikuwa umepakiwa kwenye mabehewa tisa, unapandishwa kilima ili nguvu ya injini ijulikane.

"Huo ndio mchele wa wageni!"

"Utashushwa salama, mama watoto. Tumeandika uzito."

Kichwa kilipanda bila kuteleza. Kikajaribiwa mwendo wa pole, kutoka kopo la chumvi mpaka ukingo wa meza, dakika nzima bila kushtuka. Mume akavimba kwa fahari. Mkaguzi akachungulia kidirishani.

"Dereva yuko wapi?"

"Dereva si mimi hapa?"

"Wewe huingii mlangoni. Treni isiyo na dereva siipitishi, hata ukinililia."

Walizunguka jikoni, wakarudi na harage. Mumewe alilivika kofia ya karatasi. Mkaguzi akalipima macho kwa kulionyesha kalamu kwa mbali, akauliza kama linakunywa pombe. Mumewe akaapa kwamba harage hilo hajaliona likilewa hata siku moja. Likapita.

Kasoro zilikuwa zimefika kumi na saba, na saa imefika sita.

"Sasa jaribio la breki," alisema mkaguzi. "Anatakiwa mkuu wa stesheni, na bendera nyekundu."

Wanaume wawili wakamtazama Bibi. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, na kitambaa chenyewe chekundu.

"Shemeji, kuanzia sasa stesheni ni yako. Ukiinua bendera, hata waziri hapiti."

"Na kuishusha?"

"Mpaka wewe mwenyewe utakapoona inafaa."

"Ala!" alisema Bibi.

Akaenda kwenye kona ya kabati, akainua kitambaa. Kichwa kikashuka kilima na mabehewa yake, kikapunguza mwendo, kikasimama. Kati yake na kitambaa hapakupita punje ya mchele.

"Breki safi!" Mkaguzi alifuta jicho. "Shusha bendera, shemeji, tumalizie mizunguko mia moja iliyobaki."

Mkono wa Bibi haukushuka.

"Njia imefungwa," alisema.

"Kwa sababu gani, mama watoto?"

"Kuna watu wanane. Hawasafiri. Wanakula."

Mumewe alirudi nyuma hatua moja. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuipita bendera nyekundu, na hakuona aanzie nyumbani kwake. Mkaguzi alipekua kurasa zote sita.

"Hakuna kifungu cha kumpinga. Njia ikifungwa, vichwa vyote karakana."

"Bila cheti?" mumewe aliuliza kinyonge.

Mkaguzi alilitazama harage dirishani, akatazama kitambaa. "Kilichosimama pale kilipoambiwa kisimame, kimepita," alisema, akagonga muhuri. Kasoro kumi na saba alizibandika nyuma, asije akalala na deni moyoni.

Saa saba na nusu meza ilikuwa na kitambaa cheupe, wali unatoa moshi, binti, mkwe na watoto wameshakaa. Wale wastaafu wawili walikuwa wamenawa mikono, nao wamesimama mlangoni wima, hawasogei.

"Kaeni basi!"

"Bado hujatupa bendera ya kijani," alisema mumewe.

Bibi alitafuta jikoni bila haraka yoyote. Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Alipotosheka, akarudi na jani la kabichi, akalipunga.