Moto Mdomoni mwa Mama Mkwe

Nicodemus alikuwa fundi wa stima hodari kazini na balaa nyumbani. Huko kwake Awendo redio haikusema mpaka ipigwe kofi, na mlango wa jikoni ulifungwa kwa waya tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mkewe Lorine alichoka kuambiwa "nitamaliza kesho," akafunga virago na kurudi kwa mamake huko Sori, kando ya ziwa. Jamaa alikonda.

Kazini ndiko alikuwa mtu mwingine. Asubuhi hiyo aliitwa kutengeneza pampu ya kituo cha petroli. Akazima swichi kuu, akaitia kufuli, ufunguo akautumbukiza mfukoni, ndipo akafungua sanduku la chuma lililofunika nyaya za pampu.

"Mbona bolti mingi hivi?" akauliza Mayaka, mwuza mafuta, Mkisii mwenye tumbo kubwa na haraka zake, maana malori ya miwa yalikuwa yamepanga foleni.

"Mvuke ya petroli inaingia tu humu ndani. Ikishika moto, hii sanduku inafungia moto hapo hapo, haitoki kulipua sisi. Lakini lazima bolti zote zikazwe. Na ikiwa na stima haifunguliwi."

Nyuma yao mtu akakohoa. Alikuwa Mama Filister, mamake Lorine, ametoka Sori na kukalia kreti ya soda karibu kabisa na pampu. Huyu ndiye aliyeshika neno: Lorine anarudi, au harudi. Na kwa Wajaluo, mama mkwe hatazamwi usoni wala hubishani naye. Nicodemus akakodolea spana yake macho, akamwamkia kwa sauti ya mtoto wa nasari.

Mara harufu ya tumbaku ikampiga puani.

"Mayaka! Unavuta sigara hapa?"

Mayaka, kwa hasira, akageuza mifuko yote nje. Ndipo Nicodemus alipotupa jicho la wizi, akaona moshi mwembamba ukitoka puani mwa mama mkwe. Alikuwa akivuta kama wavutavyo akina mama wazee wa ziwani, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo.

Jasho likamtoka. Kumgusa hawezi, kumkemea hawezi. Akamgeukia Mayaka, ingawa mama mwenyewe alikuwa hapo hapo.

"Mayaka, ambia Mama, tafadhali, hapa hakuvutwi."

"Mama, anasema hapa hakuvutwi."

"Ambia yeye moto iko ndani, imefungwa," Filister akajibu, cheche ikimponyoka mdomoni. "Si nimemsikia akisifu sanduku yake? Hata yangu ni hivyo."

"Mwambie sanduku haifunguliwi ikiwa na moto!" Nicodemus akapiga kelele, hofu imempanda kichwani. "Afunge mdomo!"

Mayaka hakuupeleka ujumbe huo. Hakukuwa na haja. Hata madereva wa miwa walitoa vichwa madirishani: mtu amemwambia mama mkwe wake afunge mdomo, tena mchana, tena hadharani. Filister akainuka, midomo ameibana kwelikweli, akavuka barabara bila kugeuka. Nicodemus akaiona ndoa yake ikienda naye, na machozi yakamlengalenga.

"Kaza bolti nne tu ukimbie!" Mayaka akahimiza. "Utapoteza bibi yako, bwana!"

Nne ndizo angekaza nyumbani. Akapiga hatua moja, akarudi. Akapangusa kingo za sanduku kwa kitambaa safi, akarudisha kifuniko na kukaza bolti zote, moja baada ya nyingine, huku akijiona keshakuwa mgane.

Alipoinua kichwa, Filister alikuwa bado ng'ambo, sigara ameizima chini ya kandambili.

"Mayaka!" akaita. "Muulize kama kuna bolti imebaki."

"Hakuna, Mama!" Nicodemus akajibu mwenyewe, desturi ameisahau.

"Lorine alisema huyu hajui kumaliza kitu. Mwambie kwamba Lorine anarudi Ijumaa. Akute mlango ya jikoni na bawaba zake zote." Akatoa sigara nyingine. "Na mambo ya mdomo yangu tutaongea siku ingine."

Nicodemus hakungoja zaidi. Alitimua mbio kwenda dukani kununua bawaba, akicheka peke yake kwa furaha.

"Wewe fundi!" Mayaka akapaza sauti, malori yakipiga honi. "Na ufunguo ya stima?"

Nicodemus akasimama katikati ya barabara, mkono mfukoni. Mbele yake Mama Filister alikuwa amewasha nyingine, moto ndani. Hakufungua mdomo. Alicheka kwa pua, moshi ukimtoka kwa mikupuo, mpaka akalazimika kushika nguzo ya stima.