Mlango Nyuma ya Kanali

Mwanga uliingia dirishani ukamlamba kanali. Ukalamba kifua chake cha chuma, ukalamba kola yake ya lesi, ukalamba shavu lake lililonona. Damaris akauchukia mwanga ule, kwa kuwa ulimpendezesha.

Baba yake, mzee Josias Pell, alikuwa akimchora kanali picha, yeye alichora uso. Damaris alichora yaliyo nyuma: mawingu, miti, na mji ambao Kanali Thurlby aliuteka vitani. Katika mji huo, katika kanisa la mji huo, Gervase mumewe aliungua pamoja na waliokimbilia humo. Moto wa bahati mbaya, ndivyo alivyoambiwa. Mwaka mzima aliilaumu bahati.

"Weka na moshi kidogo," kanali alisema, bia mkononi. "Wabishi wale walijifungia kanisani. Nikasema, haya, mnapenda kukaa ndani? Kaeni. Vijana wakapigilia ubao mlangoni, kwa nje, kisha wakawasha." Akacheka.

"Usicheke, Kanali," mzee Josias alisema. "Mdomo unanipotea."

Kwa nje. Kwa nje. Hasira haikumpanda Damaris kichwani, ilimshuka mkononi. Akachora mnara. Akachora moto, si moshi, moto mwekundu wenye njaa. Akachora mlango, na juu ya mlango ubao, na juu ya ubao misumari, mmoja mmoja, kama anayeipigilia moyoni mwa mtu. Na chini ya mlango, pale penye upenyo, akachora vidole. Gervase alikuwa fundi wa glavu. Vidole vile alivijua.

Kanali aliinuka kujinyoosha, akaja kutazama.

"Nani kakwambia uchore hivi?"

"Wewe," Damaris alisema. "Sasa hivi, ukinywa bia."

"Mzee, futa."

Mzee Josias, aliyewapigia magoti wanajeshi wa pande zote mbili ili nyumba yake ibaki imesimama, aliutazama mlango ule mdogo. Akamtazama bintiye. Brashi akaiweka chini.

Basi kanali akafuta mwenyewe, kwa kidole gumba. Rangi ilikuwa mbichi. Moto ukapanda mawinguni, ukashuka begani pa kanali wa kwenye picha, ukamganda kanali wa kweli mkononi, ukamchafua kola.

"Nipe kitambaa, binti."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwa Damaris. Hakukitoa.

Mzee Josias alikwenda mlangoni, akaufungua wote. 

"Toka, Kanali. Mlango wangu haujapigiliwa ubao."

Kanali alitoka, akiahidi kurudi na watu wake. Mzee alikunja brashi zake ndani ya ngozi, na Damaris akaing'oa turubai ya picha kwenye fremu, akaiviringisha ikiwa bado mbichi, akaibeba begani. Walipofika barabarani ndipo alipolia, kwa sauti, mchana kweupe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.