Nyundo ya Jumapili

Tangu aamke, Sagal hakupata pa kutulia. Aliketi kwenye kochi, akainuka. Akachemsha chai, ikapoa mezani. Akaenda dirishani kuchungulia, akaona nini? Ukuta. Nyumba za mtaa huu wa Dallas hapa Embu ni nzuri, sikatai, lakini kila mtu na geti lake, kila geti na kufuli lake, na juu ya ukuta wamesimika vipande vya chupa, utadhani ndani wamefuga simba.

Sagal alizaliwa Majengo, kule Meru, na huko ndiko alikozeekea. Vyumba vilizunguka uwanja mmoja wenye bomba moja na kamba moja ya nguo. Aliyeamka wa kwanza alipita milango yote akiita, na ukichelewa kuitika, mlango wako unasukumwa. Ukiwa bado umelala na mumeo, shauri yako! Ndivyo alivyoishi na kina Kiende muuza ndizi na Ardo wa buchani, wakigombana leo, kesho wanaombana chumvi.

Mwanawe Isaack alipomhamishia Embu, alikuja na desturi yake. Kila alfajiri alipaza sauti ukutani: "Jirani! Umeamkaje?" Upande wa pili aliishi Winrose, mwalimu mwenye mimba kubwa, ambaye mumewe alikuwa na duka Gachoka na kuja nyumbani mara mojamoja. Siku za kwanza aliitika. Kisha akamwandikia Isaack kwenye simu: mama yako ananipigia kelele, tafadhali.

"Mama, huku watu hawaitani," Isaack alisema, macho chini. "Niahidi utaacha."

Sagal aliahidi. Lakini ilimchoma, wacha we! Yeye aliyelea watoto wa uwanja mzima, leo aitwe kelele? Akaapa moyoni kwamba hata msichana yule akiwaka moto, hatauliza moshi unatoka wapi.

Basi asubuhi hiyo kulikuwa na mtu anagonga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Mafundi hao, alijiambia. Mtaa mpya huu, kila siku kuna nyumba inajengwa. Akafunga dirisha. Ko, ko. Akaongeza sauti ya redio. Moyo bado ulimwenda mbio na hakujua kwa nini.

Mchana ulipokaribia alifungua dirisha apate hewa, na upepo ukamletea nyimbo za kanisani. Sagal akaganda na kikombe mkononi. Ala! Leo Jumapili. Kwa mtu wa Ijumaa kama yeye siku hiyo hupita hivi hivi tu. Lakini fundi gani wa Embu anapiga nyundo Jumapili, na mama yake yuko kanisani anamtafuta kwa macho?

Hakungoja viatu. Akaligonga geti la Winrose. Limefungwa kwa ndani. Akaita, kimya. Akarudi mbio, akaburuta godoro la Isaack, lile jipya, akalilaza juu ya vipande vya chupa, akapanda kiti na kujitupa upande wa pili. Dera likapasuka hadi pajani. Nani ana habari na dera!

Winrose alikuwa sakafuni jikoni. Aliteleza, mguu ukavimba, chupa ya uzazi ikapasuka, na simu iko chumbani. Mkononi alishika mwiko, na rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka pale alipogonga.

Sagal alimpigia Isaack kwanza. "Toka huko gereji, leta gari sasa hivi. Ya godoro tutaongea baadaye." Kisha akaketi kwenye maji yale, akampakata kichwa.

"Nimegonga tangu asubuhi," Winrose alisema akilia. "Nikakusikia ukiongeza redio. Nikajua umenikasirikia."

Sagal alitaka kusema habari za mafundi. Mdomo ulishafunguka.

"Nilikukasirikia," alisema. "Nilikukasirikia sana, mwanangu."

Uchungu ukarudi. Winrose akamng'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote.

"Kasirika tu," alisema, "lakini usitoke."